Fumbo na Kauli ya Wazi katika Muziki wa Dmitri Shostakovich

Utangulizi

Huenda msomaji wa jarida la fasihi akajiuliza mtunzi wa simfoni ana nafasi gani katika kurasa hizi. Swali hilo ni halali. Dmitri Shostakovich (1906-1975) alikuwa mwanamuziki, lakini nyingi kati ya kazi zake muhimu zilichipuka kutokana na fasihi. Opera yake ya kwanza, Pua, iliyoonyeshwa Leningrad mwaka 1930, ilitokana na hadithi ya Gogol. Ya pili, Lady Macbeth wa Mtsensk (1934), ilitokana na hadithi ya Leskov. Simfoni yake ya Kumi na Tatu (1962) imejengwa juu ya mashairi matano ya Yevgeny Yevtushenko, na ya Kumi na Nne (1969) juu ya mashairi ya Lorca, Apollinaire, Küchelbecker na Rilke. Kwa hiyo tunaweza kumtazama kama msomaji wa fasihi ambaye uhakiki wake aliuandika kwa noti.

Wahakiki wa mtunzi huyu wamegawanyika katika kambi mbili kwa muda mrefu. Kambi ya kwanza ilimwona kuwa mwana mtiifu wa dola ya Kisovieti, aliyekosea, akakosolewa, akajirekebisha. Kambi ya pili ilipata nguvu mwaka 1979, Solomon Volkov alipochapisha Marekani kitabu kilichodaiwa kuwa kumbukumbu za Shostakovich mwenyewe, ambamo mtunzi anajitokeza kama mwasi aliyeificha chuki yake kwa utawala ndani ya muziki. Mwaka uliofuata mtaalamu wa muziki, Laurel Fay, alionyesha kwamba sehemu kadhaa za kitabu hicho zilifanana na makala ambazo mtunzi alikuwa amezichapisha miaka mingi kabla, na mjadala kuhusu uhalali wake haujatulia tangu hapo.

Makala haya hayanuii kuamua kesi hiyo. Tutakachojaribu kuonyesha ni kwamba kambi zote mbili zina kosa moja: zinaichukulia kazi ya sanaa kama bahasha, na kazi ya mhakiki kuwa ni kuifungua na kutoa ujumbe uliomo. Tutaziangalia simfoni mbili, ya Tano na ya Kumi na Tatu, ili kubaini jinsi maana ilivyopatikana baina ya mtunzi, matini na hadhira, na gharama iliyolipwa ili ipatikane.

Mtunzi na Dola

Shostakovich alizaliwa St. Petersburg Septemba 25, 1906. Simfoni yake ya Kwanza, aliyoitunga kama kazi ya kuhitimu masomo, ilipigwa hadharani Mei 1926 akiwa na umri wa miaka 19, na katika muda mfupi ikampa sifa hata nje ya nchi yake. Miaka kumi ya mafanikio ikafuata. Lady Macbeth wa Mtsensk ilipendwa mno ikawa inaonyeshwa Leningrad na Moscow mfululizo kwa takriban miaka miwili.

Mwishoni mwa Januari 1936, Stalin alikwenda kuitazama opera hiyo mjini Moscow, akaondoka kabla ya kwisha. Januari 28 gazeti la Pravda lilichapisha tahariri isiyokuwa na jina la mwandishi, yenye kichwa kinachoweza kufasiriwa kama ‘Vurugu Badala ya Muziki’. Katika mazingira ya wakati ule, tahariri isiyo na jina ilichukuliwa kuwa kauli ya Chama chenyewe. Opera ikaondolewa jukwaani. Waliokuwa wakimsifu jana wakasimama mikutanoni kumshutumu. Desemba mwaka huohuo aliiondoa Simfoni yake ya Nne ikiwa katika mazoezi, na haikusikika hadharani hadi Desemba 1961, robo karne baadaye.

Hatuna budi kukumbuka kwamba huu haukuwa ubishi wa wahakiki tu. Marshal Mikhail Tukhachevsky, aliyekuwa rafiki na mlezi wa mtunzi, alipigwa risasi Juni 1937. Mume wa dada yake mtunzi alikamatwa, na dada mwenyewe akafukuzwa Leningrad. Mwaka 1948 dhoruba ilirudi: azimio la Kamati Kuu la Februari 10 lilimshutumu Shostakovich pamoja na Prokofiev, Khachaturian, Myaskovsky na wengine, naye akapoteza kazi ya kufundisha. Yeyote anayetaka kuhakiki kazi za kipindi hiki sharti aanzie hapa, ingawa, kama tutakavyoona, hawezi kuishia hapa.

Simfoni ya Tano: Fumbo na Hadhira Yake

Simfoni ya Tano ilipigwa kwa mara ya kwanza Leningrad Novemba 21, 1937, okestra ikiongozwa na Yevgeny Mravinsky. Walioshuhudia wanaeleza kwamba watu walilia wakati wa sehemu ya tatu, na kwamba makofi ya mwisho yaliendelea kwa zaidi ya nusu saa. Baadaye mwandishi mmoja wa magazeti aliieleza simfoni hiyo kama jibu la msanii wa Kisovieti kwa lawama za haki. Maelezo hayo hayakutoka kwa mtunzi, lakini hakuyakataa, nayo yakamfungulia njia ya kuendelea kuishi na kufanya kazi.

Je, ni jibu gani hilo? Tuanze na sehemu ya mwisho. Inafungwa kwa sauti kuu: ala za shaba zinanguruma, ngoma zinapigwa kwa nguvu, na noti moja inarudiwa na kurudiwa katika nyuzi na zumari kana kwamba haitakoma. Kwa masikio ya Chama, huo ulikuwa ushindi. Wengine wamesikia ndani yake watu wanaolazimishwa kushangilia. Jambo la kuvutia ni kwamba tofauti hii inategemea sana mwendo. Hati zilizochapishwa hutofautiana kuhusu kasi ya ukurasa huo wa mwisho. Katika rekodi ya mwaka 1959 Leonard Bernstein aliuharakisha, na furaha ikawa furaha. Mravinsky aliupiga polepole zaidi, na zile noti zinazorudiwa zikawa nzito kama hatua za askari. Noti ni zilezile. Anayetaka ‘ujumbe’ mmoja atatakiwa kwanza atuambie anausikiliza mkononi mwa nani.

Kuna jambo la pili, na hili linahusu fasihi moja kwa moja. Katika miaka ya 1936 na 1937 Shostakovich alitunga nyimbo nne kutokana na mashairi ya Pushkin. Wa kwanza unatokana na shairi liitwalo ‘Kuzaliwa Upya’, linalosimulia jinsi mshenzi alivyopaka rangi yake juu ya picha ya msanii stadi, na jinsi rangi hiyo ngeni inavyobanduka kadiri miaka ipitavyo hadi uzuri wa awali unajitokeza tena. Noti nne za mwanzo wa wimbo huu ndizo zinazoanzisha sauti kuu ya sehemu ya mwisho ya Simfoni ya Tano. Aidha, kabla tu ya kilele cha mwisho, muziki unapotulia, kinubi kinapiga mapigo yaliyokuwa yakisindikiza ubeti wa mwisho wa wimbo huo, yaani mahali ambapo rangi inabanduka.

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa methali hiyo inatufikisha kwenye mkanganyiko. Wimbo wa Pushkin haukusikika hadharani hadi mwaka 1940. Hata mwerevu kupita wote miongoni mwa wale waliokaa ukumbini Novemba 1937 hakuwa na njia ya kuligangua fumbo hilo. Mtunzi alikuwa amelifumba kwa ajili ya nafsi yake, au kwa ajili ya wasikilizaji ambao hawakuwa wamefika bado. Hata hivyo watu walilia.

Walilia katika sehemu ya tatu, ambamo hakuna fumbo lolote la aina hiyo. Katika sehemu hiyo ala zote za shaba zinanyamaza; fidla zimegawanywa katika makundi matatu badala ya mawili ya kawaida; muziki unakwenda taratibu, mara filimbi ikibaki pekee yake juu ya kinubi, mara nyuzi zote zikipanda pamoja hadi mahali pasipostahimilika. Katika jiji ambalo karibu kila mtu alikuwa na ndugu au jirani aliyechukuliwa usiku, na ambalo kuomboleza hadharani kwa ajili ya aliyechukuliwa kulikuwa hatari, muziki huo uliwapa watu nafasi ya kuomboleza pamoja. Maana haikuwa imefichwa. Ilikuwa wazi, ila haikuwa na jina. Hapa ndipo tunapoachana na kambi zote mbili: nguvu ya Simfoni ya Tano haimo katika siri ambayo mtunzi aliipenyeza, bali katika kile ambacho hadhira ile, mwaka ule, iliweza kukikamilisha yenyewe. Mtu aliyezoea mafumbo ya taarabu hatashangazwa na hali hii, kwani anajua kwamba maneno yaleyale huwa na mlengwa au hukosa mlengwa kulingana na nani amekaa ukumbini.

Simfoni ya Kumi na Tatu: Kauli ya Wazi

Kama fumbo lilitosha mwaka 1937, kwa nini mtunzi huyohuyo aliliacha mwaka 1962? Stalin alikuwa amekwisha kufariki tangu Machi 1953. Shostakovich alikuwa na heshima, nishani na cheo. Hakuna aliyemlazimisha kutafuta matatizo.

Septemba 1961, gazeti la Literaturnaya Gazeta lilichapisha shairi la Yevtushenko, ‘Babi Yar’. Babi Yar ni bonde jijini Kiev, nchini Ukraine, ambako Wanazi waliwaua Wayahudi 33,771 kwa siku mbili tu, Septemba 29 na 30, 1941. Miaka ishirini baadaye hapakuwa na mnara wowote mahali pale, na ukimya huo ndio unaolianzisha shairi. Wakuu hawakupinga kutajwa kwa mauaji. Walichokipinga ni kutajwa kwa Wayahudi kama Wayahudi, na zaidi ya hapo, shairi kudokeza kwamba chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa hai ndani ya Urusi yenyewe.

Shostakovich alianza kwa kulitunga shairi hilo peke yake, kisha akaongeza mengine manne, na kuikamilisha simfoni Julai 1962. Ameitungia mwimbaji mmoja wa sauti ya besi, kwaya ya wanaume wa sauti hiyohiyo, na okestra. Uteuzi huu una maana. Kwaya karibu wakati wote inaimba kwa sauti moja, bila kupambana kwa sauti za juu na za chini, na matokeo yake ni kwamba maneno yanasikika. Mtunzi aliyekuwa bingwa wa kuunganisha sauti nyingi aliamua kuacha ubingwa huo ili silabi zisipotee.

‘Babi Yar’ inaanza kwa mlio wa kengele. Ya pili, ‘Kichekesho’, inasherehekea mzaha usioweza kufungwa jela wala kunyongwa. Humo mtunzi anarudia muziki wa wimbo wake wa mwaka 1942 uliotokana na shairi la Robert Burns kuhusu mtu anayecheza akielekea kunyongwa. Ya tatu, ‘Dukani’, inawaangalia wanawake waliopanga foleni kwenye baridi na kutamka kwamba ni aibu kuwapunja katika mizani; vibao vinavyogongana katika okestra vinatukumbusha chupa na sufuria wanazozibeba.

Ya nne, ‘Hofu’, inastahili kuangaliwa kwa makini. Shairi hili Yevtushenko aliliandika mahususi kwa ajili ya simfoni, na linadai kwamba hofu za zamani zinakufa nchini Urusi: hofu ya hodi mlangoni, hofu ya kusema na mgeni, hofu ya kunong’onewa jina. Lakini muziki hausemi hivyo. Unaanza gizani, ngoma kubwa na nyuzi nene zikivuma chini kabisa, na juu yake tyuba, ala kubwa na nzito kuliko zote za shaba, ikijivuta peke yake kama mtu anayepapasa ukuta usiku. Maneno yanatangaza kwamba hofu imekufa. Muziki unaonyesha mahali inapoishi. Hiki ndicho kinaya halisi, na hakihitaji ufunguo wowote wa siri. Kila msikilizaji mwenye masikio na aliyeyasikia maneno anaweza kulinganisha viwili hivyo na kuamua mwenyewe.

Sehemu ya mwisho, ‘Kupanda Cheo’, inamsifu Galileo na wenzake waliolaaniwa kisha wakakumbukwa, ilhali waliowalaani wamesahaulika. Ndani yake kuna mwanazuoni wa zama za Galileo ambaye naye alijua kwamba dunia huzunguka, lakini akanyamaza kwa sababu alikuwa na familia. Tutamrudia mtu huyu.

Mistari Minane

Simfoni ilipigwa Moscow Desemba 18, 1962. Mravinsky, aliyeongoza maonyesho ya kwanza ya kazi nyingi za Shostakovich, alikataa kuiongoza. Kirill Kondrashin akakubali. Mwimbaji wa kwanza alijiondoa. Wa pili hakupatikana siku yenyewe, na Vitaly Gromadsky, aliyekuwa amejifunza kama akiba, akaitwa. Siku moja kabla, Khrushchev alikuwa amekutana na wasanii na waandishi na kuwakemea. Mashairi hayakuchapishwa katika kijitabu cha onyesho. Ukumbi ulijaa, na makofi yakawa makubwa. Pravda ilitoa taarifa fupi tu.

Baada ya hapo ukaja mkandamizo wa aina nyingine. Ili simfoni ipigwe tena, ilidaiwa kwamba mistari minane ya ‘Babi Yar’ ibadilishwe, na Yevtushenko akaandika mistari mbadala. Katika ubeti mmoja wa awali, nafsineni, yaani nafsi inayosema katika shairi, inajiona kuwa Myahudi, ikitangatanga Misri ya kale na kusulubiwa msalabani. Katika ubeti mpya nafsi hiyo imesimama tu kando ya bonde, ikisema kwamba Warusi na Waukraine wamelala katika ardhi moja na Wayahudi. Katika ubeti wa pili wa awali, nafsi hiyo inageuka kuwa kila mzee na kila mtoto aliyepigwa risasi pale. Katika ubeti mpya inafikiria ushujaa wa Urusi iliyoufungia ufashisti njia.

Tofauti hii kwa mhakiki wa ushairi ni kubwa mno. Hoja haihusu tu ni nani wametajwa. Kilichoondolewa ni tendo la msingi la shairi zima, yaani mtu mmoja kuingia ndani ya mwili wa mwingine. Badala ya ushiriki tumepewa ushuhuda wa mbali, na badala ya kilio, hotuba.

Shostakovich alikubali maneno mapya yaimbwe, lakini hakuubadilisha muziki. Sauti iliyotungiwa mtu anayejivika maumivu ya mwenzake sasa ilibeba maneno ya mtu aliyesimama pembeni. Msikilizaji aliyekwisha kulisoma shairi gazetini, na walikuwa wengi, alisikia muziki ukiendelea kusema kile ambacho ulimi ulikuwa umekatazwa. Maneno na muziki vilitengana mbele ya hadhira, na ufa ule wenyewe ukawa ushahidi. Hali kadhalika, mnara uliposimamishwa Babi Yar mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya kifo cha mtunzi, haukuwataja Wayahudi. Mnara wa kuwakumbuka Wayahudi waliouawa ulikuja mwaka 1991. Simfoni ilikuwa imeshawataja miaka ishirini na tisa kabla.

Msanii na Saini Yake

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukiwa na shujaa mkononi. Ukweli hauruhusu. Mwaka 1960 Shostakovich alijiunga na Chama cha Kikomunisti, na mwaka huohuo akawa katibu wa kwanza wa Muungano wa Watunzi wa Jamhuri ya Urusi, wadhifa alioushika hadi mwaka 1968. Mwaka 1973 jina lake lilionekana chini ya barua iliyomshutumu mwanafizikia Andrei Sakharov. Wanaompenda wamejaribu kuyaeleza haya kwa shinikizo, kwa ugonjwa, kwa woga. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli yote, na bado saini ikabaki saini. Sakharov hakuumizwa na noti za siri.

Kuna ushahidi kwamba mtunzi mwenyewe hakujisamehe. Julai 1960, akiwa Gohrisch karibu na Dresden, alitunga kwa siku tatu utungo wake wa Nane wa ala nne za nyuzi. Hadharani aliutabaruku kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti na vita. Katika barua kwa rafiki yake Isaak Glikman, alieleza kwamba alikuwa ameutunga kwa kumbukumbu yake mwenyewe, kwa kuwa hakutarajia kwamba mwingine angefanya hivyo. Noti nne zinazowakilisha herufi za jina lake zinasikika ndani yake toka mwanzo hadi mwisho, zikizungukwa na vipande vya kazi zake za awali, mfano wa mtu anayejifanyia matanga akiwa hai.

Miaka miwili baadaye akalichagua shairi la ‘Kupanda Cheo’. Mwenye kusoma shairi hilo kama shambulio dhidi ya wanafiki wengine tu hajamwona aliyelichagua. Mtunzi aliyekuwa na cheo, na watoto, na saini, alimpa sauti ya muziki yule mwanazuoni aliyejua ukweli akanyamaza kwa ajili ya familia yake. Tena hakumpa muziki wa kumzomea. Sehemu hii inaanza kwa filimbi mbili zinazosemezana kwa upole wa ajabu, na inamalizikia katika utulivu, kengele iliyoanzisha simfoni ikilia kwa mbali. Galileo anasifiwa, naye mwenzake mnyonge hasulubiwi. Tunaona hapa hukumu iliyotolewa na mtu aliyekaa kizimbani.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la ‘mtiifu au mwasi’ ni finyu mno kwa kazi za Shostakovich. Katika Simfoni ya Tano tumeona fumbo ambalo hakuna aliyeweza kulifumbua wakati ule, na huzuni iliyo wazi ambayo kila mtu aliielewa. Katika ya Kumi na Tatu tumeona mtunzi akiliacha fumbo kwa makusudi, kwa sababu kuna mambo ambayo kuyafumba ni kushiriki katika kuyanyamazisha. Wafu wa Babi Yar hawakuhitaji kudokezwa, walihitaji kutajwa. Tumeona pia kwamba kauli ya wazi ina udhaifu wake: inaweza kufutwa kwa amri, mistari minane kwa mara moja, nalo fumbo haliguswi kwa urahisi huo.

Somo kwa wahakiki wa fasihi, ambao mara nyingi tunazisoma kazi zilizoandikwa chini ya tawala kali, ni kwamba tusiwe wepesi wa kumvisha mwandishi taji la uasi kwa kila fumbo tunaloligundua, wala wa kumtupa kwa kila saini tunayoikuta. Yafaa tuulize, kwa kila kazi na kila wakati: nani alikuwa akisikiliza, alisikia nini, na nani aliyelipia usikivu huo? Maswali haya ni magumu kuliko lile la kambi mbili, na hayana jibu moja. Wasomaji wenzetu wenye ujuzi wa muziki kutushinda wanakaribishwa kuyaendeleza, hasa kuhusu Simfoni ya Kumi na Nne, ambamo mtunzi huyu mgonjwa aliligeukia suala la kifo chenyewe kupitia kwa washairi wanne wa lugha tatu tofauti na Kirusi, na mmoja wao, Küchelbecker, alikuwa amekaa gerezani na uhamishoni kwa amri ya mfalme wa Urusi.